Sura ya Bure katika Nyumba ya Wakfu

Badr Nasor akipewa kitu cha bure hukigeuza kwanza juu chini aone kimeandikwa jina la nani. Kanzu ya Idi aliyoletewa na shemeji yake kutoka Maskati aliikagua mishono yote kabla ya kushukuru, na shukrani yenyewe aliitoa kwa awamu. Majirani zake wa Nguvumali wameshamzoea. Wanasema huyu mtu akifa na malaika wakija kumhoji kaburini, yeye ndiye atakayeanza kuuliza maswali.

Kazi yake inamruhusu kuwa hivyo. Kwa miaka ishirini na miwili amekuwa msimamizi wa nyumba ya wakfu, nyumba ya vyumba vitano na ua, isiyo mbali na hospitali kwa mwenye baiskeli. Iliwekwa wakfu mwaka 1952 na bibi wa ukoo wao, Bi Zuwena binti Humud, kwa ajili ya watu wanaouguza. Mtu akitoka Moa au Maramba, mgonjwa wake amelazwa na yeye hana ndugu mjini, analala hapo mpaka mgonjwa apone, au mpaka ipatikane ile habari nyingine. Hati ya wakfu iliandikwa kwa herufi za Kiarabu, kwa wino ambao sasa umekuwa na rangi ya chai, nayo ina masharti matatu. Nyumba isiuzwe wala isirithiwe. Asizuiwe mtu kwa dini yake wala kabila lake. Na kila aingiaye ajiandike mwenyewe daftarini, asiyejua kuandika atie dole gumba.

Sharti la nne halimo katika hati, lakini ndilo linaloshikwa kwa nguvu kuliko yote: ukiacha meza ya daftari na viti vyake, samani haiingii. Mgeni anakuja na mkeka wake, akiondoka anaondoka nao.

Sharti hili lilizaliwa na kabati. Mwaka 1978 Sabiri, ami yake Badr, alileta kabati la mvule katika chumba cha nyuma, kwa wiki mbili tu, maana kwake walikuwa wanapaka chokaa. Chokaa ilikauka, kabati halikuondoka. Mwaka wa tatu kikaja kitanda, cha kulalia mtu wa kuliangalia kabati. Mwaka wa saba ikaja kufuli, ya kukilinda kitanda. Mwaka wa kumi na moja Sabiri alisema, kwa sauti ya mtu anayekumbusha jambo la wazi, kwamba chumba kile mji mzima unakijua kuwa ni chake. Wazee wa ukoo walikaa vikao kumi na saba kulitoa kabati lile, na lilipotoka halikupita mlangoni, ikabidi likatwe kwa msumeno. Mpaka leo wako watu katika ukoo ule wasioalikana harusi, na ukiwauliza sababu watakutajia mambo mengi makubwa, kisha watafika kwenye kabati.

Kwa hiyo mwaka jana mchwa walipokula madaftari ya wageni ya miaka mitano, na Muhanad, mtoto wa Sabiri, akajitolea kuleta kompyuta, Badr hakulala vizuri.

Aliyeamua ni Bi Fakhria, shangazi yao wote wawili, mwenye umri wa miaka themanini na minne. Ndiye mkubwa wa ukoo, na ndiye anayetoa funguo za wakfu na anayezichukua. Hakuzungusha maneno.

"Badr, mchwa hawali kompyuta. Ijumaa ya kwanza ya Shaabani tunakuja kuangalia. Nataka niwakute wageni wanajiandika humo. Ikishindikana, funguo atashika Muhanad. Yeye vyombo hivi anavijua."

"Sawa, Shangazi," alisema Badr.

Hakikuwa kitu kidogo. Mkewe alifariki, wanawe wako Maskati na Dar es Salaam, na wanampigia simu kwa zamu kama watu wanaolipa mchango. Mtaani hakuna anayemwita Badr. Wanamwita Mzee wa Wakfu. Bila funguo zile, zilizofungwa kwa kamba ya katani kiunoni mwake, angebaki mtunza ghala mstaafu mwenye baiskeli, na katika Tanga watu wa namna hiyo hawana idadi.

Kompyuta ililetwa na Muhanad mwenyewe. Ana duka la simu na vipuri vya pikipiki mjini, mtu mnene, mcheshi, anayetafuna ubani tangu asubuhi. Aliiweka mezani pa Badr, akaifuta vumbi kwa kofia yake.

"Kaka Badr, imetumika kidogo lakini nzima. Na fundi nimekutafutia, mtu mwaminifu. Mwambie akuwekee na ile sura yake ya kawaida, itakurahisishia."

"Sura gani?"

"Atakwambia. Wewe usijisumbue."

Maneno hayo mawili, usijisumbue, Badr aliyasikia mara ya kwanza akiwa na miaka kumi na minne, akitaka kusaidia kushusha kabati. Aliyeyasema alikuwa baba yake Muhanad.

Fundi alikuja Jumamosi. Aliitwa Ernesti, mtu wa Maramba, wa miaka arobaini na kitu, mzee wa kanisa la Kilutheri, mtu anayezungumza na mashine kwa upole kuliko anavyozungumza na wateja. Alimwamkia Badr, akaketi kwenye kiti, akachomeka kidude kidogo ubavuni mwa kompyuta.

"Huo mfumo unaouweka," alisema Badr, "umenunuliwa wapi?"

"Haukununuliwa, Mzee Badr. Ni mfumo huria. Unauchukua bure, unautumia, unaunakili, unampa jirani. Ukiujua ndani yake, unaubadilisha upendavyo. Sharti ni kwamba ukimpa mwenzio, usimnyime haki ulizopewa wewe."

Badr alivuta kigoda akakaa karibu.

"Hakuna anayeweza kuukamata akasema ni wake peke yake?"

"Hakuna."

"Wala kuurithi akawafungia wengine?"

"Hawezi."

"Fundi, huo ni wakfu."

Ernesti alisema mambo ya wakfu hayajui vizuri, ila haoni ubaya.

"Mtoaji nani?"

"Watu wengi. Kila mmoja kaandika kipande chake."

"Majina yapo?"

"Yapo. Ni maelfu."

"Na msimamizi?"

"Kuna kamati."

Mpaka hapo Badr alikuwa anaridhika kwa kasi ambayo si kawaida yake. Neno kamati likamrudisha nyuma. Akaegemea ukuta.

"Sasa kuna la kuamua," aliendelea Ernesti, asiyeona kilichotokea. "Mfumo wenyewe ni kama mtambo, unafanya kazi ndani. Sura unayoiona kiooni, zile picha, menyu, vitufe vya kubofya, hicho ni kitu kingine kinachowekwa juu yake. Sura ziko nyingi, kila watu wametengeneza yao. Ila wenye mfumo wamechagua moja. Usiposema kitu, inakuja hiyo."

"Na nikisema sitaki?"

"Hutaki hiyo?"

"Sitaki yoyote."

"Basi utapata kioo cheusi na kamstari kanakowakawaka. Unaandika amri kwa mkono."

"Kwa hiyo nyumba ni ya wote, lakini samani kachagua mtu mmoja, kaziingiza kabla wenyeji hawajafika."

"Si mtu mmoja. Kamati."

"Kamati ni mtu mmoja aliyejificha," alisema Badr.

Ernesti alieleza kwa dakika kumi. Alisema hata mafundi wenyewe wanabishana juu ya jambo hili tangu mifumo hii ianze: wako wanaosema mfumo wa bure usimchagulie mtu sura, na wako wanaosema mtu asiyechaguliwa kitu ataogopa mlangoni na kurudi alikotoka. Alisema yeye binafsi huweka sura, kwa sababu wateja wake wana haraka. Badr alimsikiliza kwa adabu kubwa, na adabu ya Badr ikizidi ujue jibu limeshapatikana.

"Weka tupu, fundi. Nyumba hii haiingii samani."

"Mzee Badr, wageni wataitumiaje?"

"Nitajifunza mimi."

Ernesti aliweka tupu. Akamwandikia amri kumi na moja nyuma ya kalenda ya mwaka uliopita, akamwonyesha ya kufungua daftari, ya kuongeza jina, ya kuhifadhi. Akaenda zake stendi, akitikisa kichwa kama mtu aliyeuza koti siku ya jua kali kwa mnunuzi aliyeng'ang'ania.

Wiki mbili zilizofuata zilikuwa, kwa Badr, za fahari. Mzee wa miaka sitini na mmoja alijifunza amri zote kumi na moja, halafu akampigia Ernesti simu kuomba ya kumi na mbili. Kamstari kalimwakia, naye alikaandikia. Kioo hakikuwa na picha wala pambo, wala kitu kilichokuwa kimemtangulia kufika. Aliupenda weusi ule kama mtu anavyopenda sakafu iliyofagiliwa. Wageni walipofika alikaa mezani, akawauliza jina, watokako, jina la mgonjwa na wodi, akaandika. Kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na miwili hakuna aliyekosea kuandika tarehe. Ikawa mgeni akiingia tu anaelekezwa: nenda kwa Mzee, yeye ndiye anaiweza. Badr hakuona kasoro yoyote katika sentensi hiyo.

Aliyeiona ni mwalimu Yudith.

Alikuwa Mkatoliki, mwalimu wa darasa la kwanza huko Maramba, mumewe amevunjika paja. Alikuja na mkeka, ndoo, na rozari, akasimama mbele ya meza kama anayekagua kazi ya nyumbani.

"Karibu, mwalimu. Jina kamili?"

"Nimesoma ukutani hapo kwamba kila mtu anajiandika mwenyewe."

"Ndiyo sharti la nyumba. Ila siku hizi ni kompyuta. Nitakuandikia."

"Mzee wangu, mimi kazi yangu ni kuwafundisha watoto kuandika majina yao. Langu uniandikie wewe?"

Badr akampisha. Mwalimu Yudith akakaa, akavaa miwani, akaandika jina lake lote kwa herufi kubwa, akabonyeza kile kitufe kikubwa cha pembeni mwa herufi. Kompyuta ikamjibu kwa Kiingereza kwamba haijui amri hiyo. Akaandika tena, polepole. Ikamjibu vilevile. Ukiangalia, mashine ilikuwa inamwambia mwalimu wa miaka thelathini kazini kwamba Yudith Kihiyo si kitu inachokitambua.

"Hii kompyuta ya nani?" aliuliza.

"Ya wakfu. Ya wote."

"Wote akina nani? Maana hapa naona anayeingia ni mmoja."

"Mwalimu, si kwamba nimeifunga. Iko wazi kabisa. Haina hata…"

"Darasani kwangu nikiondoa madawati yote nikasema darasa liko wazi, watakaokaa ni wale waliokuja na viti."

Mwalimu Yudith akavua miwani, akaongeza, kwa wema, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi.

"Na wala si mimi tu niliyeuliza. Wenzangu niliowakuta hapo uani wananiambia jana mchana, wewe uko msikitini, alikuja bwana mmoja mnene anatafuna ubani. Aliwauliza kama wanaweza kujiandika wenyewe. Wakamwambia wanaandikwa. Akacheka, akawaachia machungwa."

"Machungwa mangapi?"

"Hilo sikuliuliza, Mzee wangu."

Alipobaki peke yake Badr alikaa mbele ya kioo cheusi, akaanza kuyapanga mambo. Muhanad alileta kompyuta. Muhanad alileta fundi. Muhanad alisema, kwa kinywa chake, weka ile sura ya kawaida, usijisumbue. Sasa, Muhanad anamjua Badr tangu utotoni. Anajua kwamba ukimwambia Badr pita kulia, atapita kushoto, na kabla hajapita atarudi kuangalia nani anamtazama. Mtu anayejua hivyo, akitaka Badr akatae sura, atamwambia nini? Atamwambia aiweke. Na Badr akiikataa, wageni watashindwa kujiandika, Shangazi atakuja Ijumaa akute sharti la tatu la hati limevunjwa na msimamizi mwenyewe, na funguo zitahama kiuno.

Ilikuwa hila nzuri sana. Kasoro yake ilikuwa moja tu: Muhanad hakuwahi kuonekana na akili ya kiasi hicho. Badr aliizingatia kasoro hiyo, akaamua kuwa nayo ni sehemu ya hila.

Lakini chini ya hayo yote lilibaki la mwalimu, na hilo halikuwa na Muhanad ndani yake. Kwa wiki mbili yeye Badr, adui wa samani, alikuwa amejiweka mwenyewe katikati ya chumba, mkubwa kama mvule, na kila mgeni amelazimika kumzunguka. Na aliona raha.

Zilibaki siku tatu. Akampigia Ernesti.

"Fundi, njoo na sura."

"Ipi, Mzee Badr?"

"Ndilo la kuzungumza."

Ernesti alifika Jumatano asubuhi, hana furaha ya mtu aliyeshinda ubishi, jambo ambalo Badr alimhesabia wema. Wakakaa na chai ya rangi na mihogo.

"Weka zote," alisema Badr. "Kila mgeni achague yake. Isiwepo ya kutangulizwa."

"Inawezekana. Ila kwenye orodha lazima moja iwe juu, na iwe imeshawekewa alama. Mtu mwenye haraka atabofya hiyo hiyo."

"Zibadilishane. Wiki hii moja, wiki ijayo nyingine."

"Mzee Badr, mama anayetoka wodini hana kichwa cha kujifunza sura mpya kila Jumatatu."

"Basi nichague mimi."

"Chagua."

Badr akaitazama mihogo. Akaona mbele yake Ijumaa, Shangazi anauliza sura hii kaichagua nani, naye anajibu ni mimi, na Muhanad anatabasamu na ubani wake.

"Ile ya kamati," alisema taratibu. "Waliichaguaje?"

"Kwa kubishana. Miaka. Barua juu ya barua. Wengine walitukanana, wengine wakajitoa."

"Wewe umejuaje?"

"Yote yameandikwa, mtu yeyote anaweza kusoma. Hata matusi hawakufuta."

Hili lilimgusa Badr mahali ambapo maneno ya uhuru na ya haki yalikuwa hayajafika. Ukoo wake ulikaa vikao kumi na saba bila mtu kuandika hata mstari mmoja, na leo kila nyumba ina kumbukumbu yake. Akataka asomewe. Ernesti akatafuta kwenye simu, akatafsiri kurasa mbili tatu. Mmoja kaandika kwamba kumchagulia mtu ni kumdharau. Mwingine kamjibu kwamba ukimpa mgeni chumba bila taa, ukasema umemheshimu kwa kumwachia achague taa, mgeni atajikwaa kwa heshima. Wa tatu alisema anajiuzulu. Badr alitaka kujua kama alijiuzulu kweli. Ernesti akasogeza kurasa mbele. Mtu yule alirudi baada ya wiki.

"Watu hawa ni wa ukoo mmoja," alisema Badr.

"Hawajuani hata kwa sura."

"Wana ndugu Tanga?"

"Nani, hawa? Hapana."

"Mtu wao yeyote anaweza kuja hapa baada ya miaka kumi na moja akasema chumba ni chake kwa sababu sura ni yake?"

Ernesti habari za kabati hakuwa amezisikia.

"Hawezi, Mzee Badr. Na wewe ukiichoka unaiondoa. Dakika kumi na tano tu, haipo."

"Inaondoka?"

"Inaondoka."

"Yote? Haiachi kitu?"

"Inaondoka."

"Iweke."

Ernesti akaiweka. Kioo kikapata rangi, mlima wenye theluji, na vitufe chini. Badr akautazama mlima kama mtu anayesubiri umsalimie.

"Iondoe."

"Mzee, ndiyo kwanza…"

"Iondoe nione."

Akaiondoa. Weusi ukarudi, na kamstari. Badr akaandika amri zake mbili tatu, akaona majina ya wageni yapo vilevile, wodi zipo, mwalimu Yudith yupo, kwa mkono wa Badr.

"Iweke tena."

Adhana ya adhuhuri ilipoadhiniwa sura ilikuwa imeingia mara tatu na kutoka mara mbili, bila kikao hata kimoja, bila msumeno. Ernesti alikuwa amemaliza mihogo na sehemu ya subira. Hapo Badr akaliona jambo ambalo miaka yote alilishika kwa upande usio wake: kabati halikuwa na dhambi kwa kuingia. Lilikuwa na dhambi kwa kukataa kutoka. Alipoirudisha mara ya tatu Ernesti akapanga katikati ya kioo kitufe kimoja kikubwa, kimeandikwa kwa Kiswahili: Jiandike Hapa. Jioni mwalimu Yudith alikibofya, akajaza jina lake, akalifuta lile aliloandikiwa, akasema tu, "Haya."

Ijumaa walikuja baada ya swala, watu tisa wa ukoo, na Bi Fakhria akishikwa mkono na Muhanad. Wageni walikuwa uani wakianika nguo. Badr aliwakaribisha, kompyuta imezimwa, imefunikwa kitambaa.

"Shangazi," alisema Muhanad, "tusimwangalie kaka Badr akituonyesha. Yeye ni bingwa. Ujaribu wewe mwenyewe, uone kama mtu mzima anaweza."

Aliyasema kwa uchangamfu. Badr aliupima uchangamfu ule, akashindwa kuona mwisho wake. Akaondoa kitambaa, akawasha. Mlima ukatokea, na kitufe.

Bi Fakhria alikaa. Akainamisha uso karibu na kioo, akakiona kitufe, akakibofya kwa kidole cha shahada kama anayemgusa mtoto kuona ana homa. Akaandika jina lake kwa dakika nne. Alipomaliza, jina likaenda kukaa chini ya jina la mwalimu Yudith.

"Nimo," alisema.

"Mashaallah," alisema Muhanad, na akapiga makofi mawili. Kama alikuwa amevunjika moyo, alivunjika kwa ustadi.

"Huu mlima kauchagua nani?"

"Sijui, Shangazi. Watu wa mbali. Ndiyo sura inayokuja nayo."

"Wewe unawajua?"

"Siwajui."

"Wewe, Muhanad?"

"Mimi? Wapi, Shangazi."

"Basi wacha ukae." Akageuza kiti kidogo. "Na mwenye uwezo wa kuuondoa ni nani?"

"Yeyote anaweza kuuondoa," alisema Badr, akiyatamka maneno ya Ernesti. "Dakika kumi na tano."

"Yeyote? Mimi nikitaka sasa hivi?"

Ili kuingiza au kutoa kitu katika kompyuta ile lilihitajika neno la siri la msimamizi, na neno hilo walilijua watu wawili, Badr na Ernesti, na Ernesti alikuwa ameapa kulisahau.

"Kuna neno la siri, Shangazi."

"Liko wapi?"

"Kichwani kwangu."

Muhanad akaacha kutafuna.

"Miaka kumi na moja," alisema Bi Fakhria bila kumtazama mtu, "kaka yangu Sabiri alikuwa na ufunguo mmoja mfukoni. Alikuwa anasema chumba kiko wazi, atakaye aje aombe." Akanyoosha mkono. "Liandike."

Badr aliliandika kwenye karatasi, mbele ya watu tisa. Lilikuwa refu, maana alilitunga siku ambayo alimshuku kila mtu. Bi Fakhria akaichukua karatasi, hakuisoma, akampa Shaima, mjukuu wake anayefanya kazi maabara, anakili mara mbili. Nakala moja ikabandikwa ndani ya jalada la hati ya wakfu, moja akapewa Muhanad, na ile ya mkono wa Badr, Bi Fakhria akaitia kwenye mkoba wake.

"Funguo za mlango kaa nazo, Badr. Hujambo nazo. Za ndani ya hiki kidude ni za ukoo."

Kisha akaomba maji ya kunywa, na kikao kikawa kimekwisha. Muhanad alimkumbatia Badr mlangoni, akamwambia hongera kaka, Wallahi nimefurahi, na Badr akanusa ubani tu.

Jumatatu asubuhi alimpigia Ernesti.

"Fundi. Neno la siri hubadilishwa?"

"Hubadilishwa. Wewe, au yeyote mwenye lile la sasa."

"Muhanad analo."

"Basi na yeye anaweza."

"Akibadilisha nitajuaje?"

"Kompyuta inaandika. Nani kaingia, saa ngapi, kafanya nini. Nakuwekea ionekane."

"Na mimi nikibadilisha?"

"Itaandika vilevile, Mzee Badr. Yenyewe haimjui mtu."

Uani mwalimu Yudith alikuwa anakunja mkeka wake, mumewe ameruhusiwa, na mgeni mwingine, mvuvi wa Moa, alikuwa ameinama mbele ya kioo akitafuta herufi moja moja, na hakuna aliyemsaidia kwa kuwa hakumwomba mtu.

"Niwekee ionekane," alisema Badr. "Na lile neno liache lilivyo."